Inayohimili, Si Isiyoingia: Istilahi ya Kamera na Maji

Anayetoka Kasongo kwenda Kabambare, nchini Kongo, kwa baiskeli, kisha akaingia mtumbwini kwenye mto Luama au Lualaba, huipitisha kamera yake katika vumbi, mvua na hatari ya kuzama. Dukani hukuta alama kama IP67, na pembeni yake neno la Kifaransa étanche, ambalo wengi hulitafsiri “isiyoingia maji”. Tafsiri hiyo huahidi kupita kipimo chenyewe. Kwa kanuni ya kimataifa IEC 60529, tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. Ya pili ni ya maji: 7 huthibitisha kwamba chombo kimezamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30 bila kudhurika. Hayo hupimwa kwa maji yasiyo na chumvi, chombo kikiwa kipya. Chembe moja ya mchanga kwenye mpira wa mlango wa betri yatosha kuyakaribisha maji.

Kwa hiyo napendekeza “inayohimili”, na baada yake kitajwe kinachohimiliwa: manyunyu kwa 4, maji ya kurushwa kwa 5 na 6, kuzamishwa kwa 7 na 8. Mpangilio huu hufichua jambo ambalo namba huficha. Kamera ya 7 haikulazimika kupita jaribio la 5 au 6, hivyo anayeiosha matope kwa bomba la nguvu aweza kuiharibu ingawa ingevumilia kuzama.

Kuna watakaosema “kuhimili” ni dhaifu, linafaa manyunyu tu. Lakini katika Kiswahili nguzo huhimili paa zima. Udhaifu haumo katika kitenzi, na ukubwa wa mzigo huonyeshwa na jina linalofuata. Kwa alama yenyewe ya IP, wengine watapenda “kiwango cha kinga”. Hilo ni sahihi Dar es Salaam, ila katika Kiswahili cha Kongo kinga ni baiskeli, na msafiri wa baiskeli ndiye hasa tunayemwandikia. “Kiwango cha uhimilivu” hakina utata huo.

Istilahi hii humsaidia pia kuchagua. Wa baiskeli aitazame kwanza tarakimu ya vumbi, kisha ya maji ya kurushwa. Wa mtumbwi adai kina kilichoandikwa, kama mita 15 za kamera ya OM System TG-7, na aifunge kamera kwa kamba yenye boya, maana kuhimili kuzamishwa si kuelea.