Karatasi ya Simba

Kwenye geti la mjomba wangu kuna kibao: MBWA KALI. Mwalimu yeyote wa Kiswahili atakwambia ni mbwa mkali, lakini sarufi ndiyo shida ndogo. Shida kubwa ni Simba mwenyewe. Alinunuliwa kama Jamani Shepadi "pyua", na akiwa na miezi tisa tu alikuwa anainuka kwa kujikokota, miguu ya nyuma inayumba. Daktari wa mifugo akampiga eksirei. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye tundu la nyonga. Mjomba akatoa karatasi ya nasaba aliyopewa na muuzaji, kama mtu anayekata rufaa. Daktari akaisoma, akamrudishia.

"Mzee, hii inasema babu yake ni nani. Haisemi nyonga za babu zilikuwaje."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma hii nasaba ilitoka wapi.

Ilianza Ujerumani mwaka 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi. Yaani aina hii ya mbwa tunayodhani ni ya kale ni rika la jiji letu. Kabla ya hapo kulikuwa na mbwa wa wachungaji wa kondoo, kila mkoa na sura yake. Aprili mwaka huo, kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, Max von Stephanitz, kapteni wa zamani wa askari wapanda farasi, alimwona mbwa aliyeitwa Hektor Linksrhein. Akamnunua, akampa jina Horand von Grafrath, na chama kilipoundwa tarehe 22 mwezi huo, Horand akawa wa kwanza kuandikwa kwenye kitabu.

Sasa, ukitaka mbwa wote wafanane haraka, njia ya mkato ni kupandisha ndugu kwa ndugu. Ndivyo ilivyofanyika. Hektor von Schwaben, mwana wa Horand, alipandishwa na binti mwingine wa Horand. Sura ikashika. Lakini ukirudia damu moja, unarudia pia kasoro zilizojificha ndani yake. Kitabu kinaandika majina, hakichuji magonjwa.

Stephanitz mwenyewe alitaka mbwa wa kazi, si pambo. Mapema miaka ya 1920 chama chake kilianza ukaguzi: mbwa aangaliwe umbo na tabia kwanza, ndipo aruhusiwe kuzalisha. Kumbe hata mwenye kitabu alijua kitabu peke yake hakitoshi.

Huko nje, soko lilikuwa limewaka. Mwaka 1918, vita vikielekea kuisha, askari Mmarekani Lee Duncan aliokota mtoto wa mbwa Ufaransa, akamwita Rin Tin Tin. Miaka ya 1920 mbwa huyo alikuwa nyota wa sinema, na kila mtu Marekani akataka wa kwake. Soko likiwaka hivyo, hakosekani mtu wa kuzalisha bila kuchunguza. Waingereza nao, kwa chuki ya vita, hawakutaka hata kusikia neno Ujerumani. Mwaka 1919 wakamsajili mbwa huyu kwa jina Alsatian, na walimrudishia jina lake 1977. Ndiyo maana utasikia wazee wetu wakisema "Alsesheni": hilo ndilo jina Waingereza walilokuwa nalo walipotutawala.

Jina lilibadilika, nyonga zikabaki zilezile. Miaka ya 1960 ndipo chama cha Ujerumani kilianza kuweka alama kwenye karatasi za mbwa waliopigwa eksirei na kuonekana nyonga zao zinafaa. Karatasi ikaanza kusema kitu kuhusu mwili.

Kwa hivyo ukitafuta papi, usiulize tu, "Karatasi iko?" Uliza eksirei za nyonga za baba na mama. Za papi hazitakusaidia, kwa sababu kipimo rasmi hufanywa mbwa akishatimiza angalau mwaka mmoja. Hata wazazi wazuri si hakikisho kamili, maana lishe na ukuaji wa haraka pia huchangia, lakini hatari inapungua. Omba kumwona mama akiwa na watoto wake, pale pale wanapolala. Ukiambiwa mkutane kwenye kituo cha mafuta, rudi nyumbani. Ukiletewa papi ambaye hajafikisha wiki nane, vilevile rudi. Na uliza: nikishindwa kumlea, utamchukua?

Muuzaji wa Simba hakuulizwa hata moja kati ya hayo. Alipokea pesa kwa simu, na sasa ukimpigia, mteja hapatikani.

Simba bado yuko, anameza dawa ya maumivu, analinda geti kwa kubweka akiwa amelala. Juzi mjomba alimpigia mfugaji mwingine, mama mmoja wa Limuru, akitafuta mbwa wa pili. Alikata simu akiwa amefura. Mama huyo alimuuliza uwanja wake ni mkubwa kiasi gani, nani hushinda nyumbani, huyu wa kwanza aliumwa nini, na kama papi atafungiwa bandani mchana kutwa. Halafu akamwambia angoje miezi mitano.

"Ananihoji kama naposa binti yake!"

Nikamwambia, mjomba, huyo ndiye. Ngoja.