Sidii ya Kuamshia Kompyuta na Mfumo Huru
Hadi katikati ya miaka ya 1990, aliyetaka kutumia Linux, mfumo huru ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kwa kawaida aliiamsha kompyuta kwa disketi ya megabaiti 1.44. Mwaka 1995 Phoenix na IBM zilitoa kanuni iitwayo El Torito: sidii ilibeba taswira ya disketi, nayo kompyuta ikaisoma kama disketi halisi. Faida yake haikuwa ya kiufundi tu. Ubuntu, mfumo uliotolewa mwaka 2004 kwa jina lenye asili moja na neno utu, uligawiwa bure kwa sidii hadi 2011. Asiye na intaneti wala kompyuta aliweza kuujaribu katika kompyuta ya mwenziwe bila kufuta waraka hata mmoja. Ruhusa alikuwa nayo tangu awali. Sidii ndiyo iliyomfikishia mfumo wenyewe.