'Un Flic': Polisi, jambazi na mwanamke aliyekuwa kati yao

'UN FLIC' ni filamu ya Kifaransa iliyoandikwa na kuelekezwa na Jean-Pierre Melville, na iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Ufaransa mnamo Oktoba 1972. Neno 'flic' ni la mitaani na humaanisha polisi, jinsi vijana wa Nairobi wasemavyo 'karao'.

Ilikuwa filamu ya 13 ndefu ya Melville na pia ya mwisho. Alifariki ghafla jijini Paris mnamo Agosti 2, 1973, akiwa na umri wa miaka 55.

Kisa chenyewe kinawahusu watu watatu. Wa kwanza ni Kamishna Edouard Coleman, kachero wa Paris anayeigizwa na Alain Delon. Wa pili ni Simon, mmiliki wa klabu ya usiku ambaye kwa siri ni kinara wa genge la majambazi. Nafasi hiyo ilipewa Mmarekani Richard Crenna. Wa tatu ni Cathy, mpenzi wa Simon ambaye pia ana uhusiano na Coleman. Anaigizwa na Catherine Deneuve.

Coleman na Simon ni marafiki. Kamishna huyo huingia katika klabu ya Simon, hunywa na hata hupiga piano, bila kujua kwamba mwenyeji wake ndiye mhalifu anayemsaka.

Filamu inafunguka katika mji wa Saint-Jean-de-Monts, ulio kwenye pwani ya magharibi ya Ufaransa. Mvua inanyesha, upepo unavuma na mawimbi yanapiga ufuo usio na watu. Wanaume wanne wanawasili kwa gari na kuvamia benki. Mfanyakazi mmoja wa benki anakaidi amri yao na kumpiga risasi Marc, mmoja wa majambazi hao.

Jeraha hilo ndilo chanzo cha masaibu yote yanayofuata. Marc anapelekwa hospitalini, lakini wenzake wanahofia kwamba polisi watamfikia na atafichua siri. Cathy anavaa sare ya muuguzi, anaingia chumbani mwake na kumuua kwa sindano. Hasemi lolote, na uso wake haubadiliki.

Fedha za benki zilikusudiwa kugharimia wizi mkubwa zaidi, wa dawa za kulevya zinazosafirishwa ndani ya treni ya usiku. Simon anateremshwa kwa kamba kutoka kwenye helikopta hadi juu ya treni iendayo kasi, anampokonya msafirishaji shehena yake, kisha anavutwa tena angani.

Sehemu hiyo huchukua takriban dakika 20 na karibu haina mazungumzo. Mtazamaji humwona Simon akivua nguo za kazi, akichana nywele na kuvaa joho la kulalia ili afanane na abiria wa kawaida. Wahakiki wengi wameisifu kwa utulivu wake, ingawa baadhi wamelalamika kwamba treni na helikopta zinazoonekana kwa mbali ni vielelezo vidogo tu, na jambo hilo halifichiki.

Aidha, filamu haimwonyeshi polisi kama malaika. Coleman alikuwa amedokezewa kuhusu shehena hiyo na Gaby, mpasha habari wake. Polisi walipoikosa, alimpiga makofi na kumdhalilisha kwa tuhuma za uongo. Ukweli ni kwamba habari ile ilikuwa sahihi. Majambazi walikuwa wamewatangulia tu.

Uchunguzi unapokaribia mwisho, mmoja wa wezi hao, Paul, aliyewahi kufanya kazi ya benki na kisha kupoteza ajira, anajiua polisi wakiwa mlangoni. Anabaki Simon peke yake.

Coleman anamfumania rafikiye alfajiri, mbele ya hoteli iliyo karibu na mnara wa Arc de Triomphe. Simon anapeleka mkono ndani ya koti, na Coleman anafyatua risasi. Simon anaanguka na kufa huku Cathy akitazama. Ndipo inapobainika kwamba marehemu hakuwa na bastola.

Je, Coleman alitekeleza wajibu wake, alimwondoa mshindani wa mapenzi, au alimtimizia rafiki aliyependelea kifo kuliko jela? Melville hatoi jibu. Kamishna anaingia garini na kurejea kazini.

Ni vyema ikumbukwe kwamba mwelekezi huyo aliyajua maisha ya siri kwa tajriba yake mwenyewe. Alizaliwa mwaka wa 1917 akiitwa Jean-Pierre Grumbach, na alitwaa jina la Melville, kwa heshima ya mwandishi Mmarekani Herman Melville, alipokuwa katika harakati za kuwapinga Wanazi waliokuwa wameiteka Ufaransa. Katika mazingira hayo, rafiki wa leo angeweza kuwa msaliti wa kesho. Hofu hiyo imetanda katika filamu zake nyingi, ikiwemo 'L'Armée des ombres' ya 1969.

Kwa Delon, hii ilikuwa filamu ya tatu chini ya Melville. Katika 'Le Samouraï' ya 1967 alikuwa muuaji wa kukodiwa, na katika 'Le Cercle rouge' ya 1970 alikuwa mwizi. Safari hii alivuka upande wa pili na kuwa mlinzi wa sheria, ila uso ulibaki uleule: baridi na mpweke. Mwigizaji huyo aliaga dunia Agosti 2024 akiwa na umri wa miaka 88. Crenna alikuwa ametangulia mnamo Januari 2003.

'Un Flic' haikusifiwa kama mbili hizo zilizoitangulia. Hata hivyo, kwa anayetaka kuelewa jinsi Melville alivyomwona polisi na jambazi kuwa watu wa tabia moja waliotenganishwa na kitambulisho tu, hakuna filamu yake inayolieleza jambo hilo waziwazi kuliko hii.