Chini ya taya panavimba ukianza kula? Huenda si jino!

Leo tuangalie ugonjwa ambao watu wengi wanauchanganya na jino bovu: vijiwe kwenye tezi za mate. Mtu anang'olewa jino, hela imekwenda, na wiki ijayo uvimbe uko palepale.

KINATOKEA VIPI?
Tezi kubwa za mate ziko jozi tatu: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Madini ya kalsiamu yaliyomo kwenye mate yakigandana ndani ya mrija, kijiwe kinaota na kuziba njia. Zaidi ya vijiwe 8 kati ya 10 hutokea tezi ya chini ya taya, maana mate yake ni mazito na mrija wake ni mrefu, tena unapanda juu. Wewe unayeshinda kwenye jaruba la mpunga juani bila kunywa maji, jiangalie.

DALILI
Ukianza kula tu, au ukilamba ndimu, panavimba na kuuma. Baada ya saa moja au mbili panapungua. Mlo ujao, yale yale. Matumbwitumbwi hayaji na kuondoka namna hiyo.

VIPIMO
Daktari anapapasa kwa vidole, kimoja ndani ya mdomo na kingine nje. Eksirei huonyesha vijiwe vingi lakini si vyote, altrasaundi husaidia.

TIBA
Kikiwa kidogo: kunywa maji mengi, kanda kwa kitambaa cha moto kiasi, sugua tezi taratibu kuelekea mbele, fyonza ndimu. Kinaweza kutoka chenyewe. Kukiwa na usaha, utapewa antibaiotiki. Kikigoma, daktari anapiga ganzi, anachana kidogo chini ya ulimi na kukitoa. Kilichojificha ndani kabisa huweza kulazimu tezi itolewe, ila zilizobaki zitaendelea kutoa mate. Wembe na sindano za nyumbani, hapana!

Ukifika hospitali usiseme tu "jino linauma." Sema: "Panavimba kila ninapokula." Ikibidi utaandikiwa rufaa, mfano KCMC kule Moshi. Lakini ukiwa na homa kali, ulimi umenyanyuka, au unashindwa kumeza au kupumua, usisubiri kukuche. Nenda usiku huo huo.

Haya wadau, maji ni dawa!