Neno "Kuganda" na Mji wa Nyangwe

Neno kuganda twalitumia kila siku, lakini mara chache twalipima. Tofali likichomwa twasema limekuwa gumu, hatusemi limeganda. Kuganda ni hasa kwa kitu cha majimaji kinachoshikana na kuacha kutiririka. Mafuta ya mawese huganda asubuhi ya baridi. Maziwa huganda, damu huganda, na maji huganda yakawa barafu. Hata mtu aliyeshikwa na hofu twasema ameganda, maana hawezi kusogea.

Lakini tutazame vema. Mafuta yaliyoganda, ukiyaanika juani, huyeyuka yakarudi kama yalivyokuwa. Maziwa na damu sivyo: hakuna moto uwezao kuvirudisha. Neno ni moja, namna ni mbili.

Namna hizo mbili twaziona katika habari za Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Wafanyabiashara wa pwani walifika huko katika miaka ya 1860, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Hapo palikuwa na soko kubwa, na wanawake wengi walileta samaki, chumvi, mafuta na vyungu. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara hao waliwapiga bunduki watu wa soko. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wengi walizama mtoni walipokuwa wakikimbia.

Mwezi wa Machi 1893 askari wa Leopold wa Pili, wakiongozwa na Dhanis, waliutwaa Nyangwe. Mwezi uliofuata, Kasongo. Basi enzi ya wafanyabiashara iliyeyuka kama mafuta juani.

Lugha yao haikuyeyuka. Wafuasi wao walijiita waungwana, na Kiswahili chao kikaitwa Kingwana. Wenyeji wa Maniema walikishika wakakifanya chao, na leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo. Kiliganda kama maziwa: hakiwezi tena kuwa kile cha pwani, lakini ni chakula chema.

Wala tusisahau ile damu ya sokoni. Damu huganda ili jeraha lifunge, kovu hubaki. Tukiisema lugha hii kwa furaha, tuwakumbuke pia wale waliokwenda sokoni wasirudi.