Jiwe la Mlangoni Fort Jesus: Nani Anasimulia?

Wengi wetu tukifika Fort Jesus, Mombasa, hukimbilia juu ukutani. Na kweli jamani, bahari inapendeza: upepo, vyombo vya tanga, bandari ya kale hapo chini, na bahari kuu kwa mbali. Lakini hebu tujiulize, kwa nini inaonekana vizuri hivyo? Kumbe tumesimama penye mizinga! Mreno alipoijenga ngome hii kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, hakutafuta mandhari. Alitaka kila chombo kiingiacho kipite mbele ya mdomo wa mzinga.

Hoja yangu ni kwamba ngome hii hatuna budi kuisoma kama tusomavyo kazi ya fasihi. Tuanzie langoni. Juu yake pana maandishi ya Kireno ya mwaka 1639, yanayomtukuza mkuu wa ngome, Francisco de Seixas de Cabreira. Yanajigamba kwamba alipewa cheo akiwa na miaka 27, akabomoa kuta za Pate na Siyu, akawaua wakubwa wa Pemba. Mfalme wa Mombasa aliyeasi anaitwa dhalimu, basi.

Dhalimu huyo ni Yusuf bin Hassan. Baba yake aliuawa. Yeye, angali mtoto, akapelekwa Goa, akabatizwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala chini ya Wareno. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua mkuu wake na kuiteka. Hakuwa malaika: katika waliouawa walikuwamo raia, hata Wakristo Waafrika. Lakini jiwe halisemi kwa nini aliasi. Msimulizi ni mshindi, na adui yake amemchora mhusika bapa.

Ndugu zangu, riwaya yenye wahusika bapa tunaishambulia darasani. Mbona jiwe tunalimeza zima na kuliita historia? Tungo za Muyaka bin Haji, aliyeziona siasa za Mombasa zama za Mazrui, zilihifadhiwa vifuani mwa watu kabla ya kuandikwa. Hizo twaziita fasihi tu. Na wafungwa waliokaa humo, ngome ilipokuwa jela ya Mwingereza kuanzia 1895 hadi 1958, nani aliwachongea jiwe?

Safari ijayo, kabla ya kupanda kutazama bahari, tusimame kwanza langoni. Tumhakiki msimulizi.