Mkubwa wa Nyumba Wakati wa Njaa

Njaa iliyoingia Ugogo tangu mwaka 1917 hata 1920 Wagogo waliiita Mtunya, maana yake kugombania. Kabla yake majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza walioitwaa Dodoma mwaka 1916, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kazi. Baadaye mvua nazo zikakosekana. Katika watu wapatao 150,000 wa nchi ile walikufa kama 30,000, yaani mmoja katika kila watano.

Tuangalie jambo hili, wasomaji. Watu walitii amri zile, kwa kuwa hawakuwa na nguvu ya kukataa. Walakini walioamuru hawakujiweka dhamana kwa ajili ya waliotii. Hasara ilibaki katika tembe za Ugogo. Basi utii waweza kuwapo, na nyumba ikaangamia.

Kitabu cha Mwanzo chatupa habari za nyumba nyingine iliyopatwa na njaa. Yakobo aliwatuma wanawe kumi kwenda Misri kuhemea, nao wakatii. Liwali wa nchi alikuwa Yusufu, ndugu yao waliyemwuza zamani, wala hawakumtambua. Akamfunga Simeoni, akawaagiza wamlete Benyamini. Baba yao akakataa. Reubeni, mzaliwa wa kwanza, akamwambia awaue wanawe wawili asipomrudisha kijana. Yakobo hakukubali, babu atapata faida gani kwa kuwaua wajukuu wake? Reubeni alikuwa na ukubwa wa kuzaliwa, lakini aliweka rehani roho za wengine.

Chakula kilipokwisha, Yuda alijitoa yeye mwenyewe kuwa dhamana. Ndipo mzee akalisikia shauri la mwanawe, akamwachilia Benyamini. Na kikombe cha Yusufu kilipoonekana katika gunia la Benyamini, Yuda aliomba awe mtumwa badala ya nduguye. Naye ndiye yule yule aliyetoa shauri la kumwuza Yusufu!

Hapa twapata mafundisho mawili. Baba hapungukiwi na heshima akisikia shauri jema la mwana. Tena mkubwa wa nyumba yampasa kuwa wa kwanza kubeba hasara, ndipo adai utii. Uwele ukipungua ghalani, watoto humtazama baba: je, atakula kwanza, au atangoja? Utii wao utatoka katika jambo hilo kuliko katika ukali wa sauti yake.